Msiichane Karatasi ya Kwanza

Wewe unayesoma haya huku umeficha karatasi moja ya matokeo chini ya godoro, nakujua. Jina sikujui, lakini wewe nakujua. Kwa miaka kumi na tisa, tangu 1996 mpaka waliponiambia mwaka 2015 nikapumzike, nilikuwa karani wa kupokea maombi katika chuo kimoja cha wauguzi hapa Mbarara. Nimewaona wengi kama wewe mbele ya meza yangu, mikono magotini, wakiniambia, "Mama, mtihani nilifanya mara moja tu." Na mimi ninajua ni mara mbili. Mtu aliyefanya mara moja anaweka karatasi mezani bila kuifikiria. Aliyefanya mara mbili anaishika kidogo kabla hajaiachia.

Siku hizi nimekaa nyumbani, lakini watoto wa majirani bado wananifuata. Juzi mmoja kanijia na uso umekunjamana. Amerudia mtihani wa senior four, yaani kidato cha nne, kemia imepanda, jiografia imeanguka. "Shangazi," ananiuliza, "chuo kitanionaje? Kitaniona mwenye akili au mjinga?" Nikamwambia kaa chini. Swali hilo lilinisumbua mimi mwenyewe miaka yote ile, na nikwambie ukweli, bado linanisumbua. Kwa nini kichwa kilekile, mikono ileile, mwaka huu kinajua kitu na mwaka ujao hakikijui?

Mniwie radhi kwa Kiswahili changu. Nilizaliwa kwenye nyumba za askari pale Makenke, baba yangu alikuwa koplo, na Kiswahili nilikipata hukohuko pamoja na maziwa ya mama. Ndiyo maana chuo kilinichukua. Watu wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale walikuwa wameanza kuja kuulizia masomo, wengi wao Wakongo wa Kivu Kusini, Kinyankole hawakijui na Kiingereza bado kinawakwama. Chuo kikataka mtu wa kuongea nao. Wiki ya kwanza alikuja baba mmoja akaniuliza, "Mama, fasi ya kuandikisha batoto ni wapi?" Nikasema moyoni, kumbe Kiswahili ni kikubwa kuliko kambi yetu!

Kazi yenyewe nilifundishwa na Mzee Kamugasha. Huyu ndiye aliyekuwa msajili wa chuo, mtu mfupi, mkali, mwenye rula mbili za mbao mfukoni kila siku. Wakati ule hatukuwa na kompyuta. Tulikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu, na kila mwombaji alikuwa na mistari yake. Mtu akileta karatasi mbili za matokeo, Mzee anazilaza pamoja mezani, rula moja hapa, rula nyingine pale, halafu anashuka polepole. Kiingereza, hesabu, bayolojia, kemia. Anashuka tena kuanzia juu.

"Nyabo," aliniambia, kama tunavyowaita akina mama hapa kwetu, "usisome jumla. Jumla ni ya kuwafurahisha wazazi. Wewe soma mstari."

Kwa ambao mmesahau, alama zetu za senior four zilikuwa zinaanza na moja, ambayo ndiyo bora, mpaka tisa, ambayo ni kuanguka. Ukipata sita au chini yake somo linahesabika, tunaita krediti. Saba na nane umepita tu, lakini chuo chetu hakikuitaka saba kwenye bayolojia. Nani anataka muuguzi aliyepita kwa kuponea chupuchupu?

Mzee alikuwa na hesabu yake. Kama masomo yote yamepanda, mtoto amesoma, mpe mkono. Kama yote yameshuka, mtoto alichoka au alirudia kwa kulazimishwa. "Lakini lingine likipanda na lingine likishuka," anasema, huku akigonga meza na rula, "hapo pana hadithi. Sasa wewe kazi yako ni kuuliza." Na ukimwuliza mwombaji kwa nini bayolojia imeshuka, usimkatize. Atakuambia kwanza jibu la uongo, halafu jibu la aibu, halafu la kweli. Wengi wetu tunaishia kwenye lile la kwanza kwa sababu chai inapoa.

Niliuliza basi! Nilikuwa na udadisi mpaka wenzangu wakanicheka. Kijana mmoja fizikia yake ilishuka kwa sababu mwaka wa pili alihamishwa shule isiyo na mwalimu wa fizikia. Binti mmoja hesabu ilipanda ngazi tatu kwa sababu alipata miwani, na mwaka mzima wa kwanza alikuwa anabahatisha kilichoandikwa ubaoni. Mwingine akaniambia ni uchawi wa mke wa baba yake. Huyo nilimwuliza, "Uchawi umegusa kemia peke yake, Kiingereza ukakiacha?" Akacheka mwenyewe, akakiri alikuwa ameanza mapenzi.

Sajenti mmoja wa Makenke sitamsahau. Alikuja na sare yake, buti zinang'aa, kijana wake nyuma. Kijana alikuwa amefanya mtihani mara tatu, na kila mara somo moja linapanda, jingine linateleza. Sajenti akaziweka karatasi zote tatu mezani kwangu akasema, "Sasa, madamu, wewe jumlisha zote, gawanya na tatu. Hiyo ndiyo wastani. Mambo kwisha."

"Afande," nikamwambia, "hapa hatugawanyi mtu."

Akasimama wima kama anakaguliwa. "Kwa nini? Jeshini tunapiga risasi mara tatu, wanahesabu zote!"

Mzee Kamugasha akatoka ofisini kwake kwa kelele zile. Akamweleza pole pole: sisi tunakubali mpaka mara mbili, na katika hizo mbili tunachukua alama bora ya kila somo. Mradi karatasi zote mbili ziwe mezani. Chuo kingine pale chini kilikuwa kinataka mara moja tu, hakichanganyi. Kingine kiliangalia ile ya mwisho basi. Hakuna sheria moja ya vyuo vyote, kwa hiyo uliza kwanza chuo unachokitaka, usiulize jirani yako aliyesoma kwingine. Sajenti aliondoka amenuna, lakini kijana wake alichagua karatasi mbili kati ya tatu, na alisema wazi kwamba ya tatu ipo. Alikuja kuwa muuguzi mzuri tu. Alinichoma sindano ya malaria mwaka fulani, sikusikia kitu.

Hayo ndiyo niliyojifunza. Sasa niwaambie nilivyoyasahau.

Mzee Kamugasha alistaafu, kompyuta ikaja. Mashine ile waliyotuletea ilikuwa na nafasi ya mtihani mmoja tu. Ukitaka kuingiza wa pili lazima ufungue jina upya, uandike kila kitu tena, mwisho inakuambia jina hili lipo tayari na inakataa. Banange! Nililia na ile mashine. Madamu Mkuu, yaani mkuu wa chuo chetu, alikuwa muuguzi wa zamani mwenye sauti ndogo na macho makali, naye alitaka orodha kila Ijumaa. Nikawa na haraka. Rula za Mzee nikazitupa kwenye droo.

Mwaka mmoja katika haraka hiyo likaingia faili la Mapendo.

Mapendo alikuwa binti wa Kikongo wa Nakivale, umri miaka ishirini na mitano. Umri huo mkumbuke, maana kanuni yetu ilikuwa mwombaji asizidi hapo. Mwaka ule ukimpita, chuo chetu kimempita maisha. Karatasi ilikuwa moja: Kiingereza tano, hesabu tano, kemia nne, bayolojia saba. Kwenye fomu, pale panapouliza amefanya mtihani mara ngapi, aliandika "mara moja". Nikaona ile saba. Nikalitia faili kwenye sanduku la waliokataliwa, nikachukua faili jingine. Haikuchukua hata dakika mbili.

Kilichoniponza, au tuseme kilichoniokoa, ni barua. Nilikuwa napanga lile sanduku siku mbili baadaye, barua ya mwalimu mkuu wa shule yake ikaanguka sakafuni. Nikaiokota nikaisoma. Alikuwa ameandika kwamba Mapendo ndiye anayewafundisha bayolojia watoto wa senior two wakati mwalimu hayupo, na kwamba wanamwelewa kuliko mwalimu.

Nikakaa. Mtu anayefundisha wenzake bayolojia anapataje saba? Sikuweza kula mchana ule. Ni tabia yangu mbaya, kitu nisichokielewa kinanikaa kooni. Usaili ulikuwa Jumatatu. Jumamosi nikapanda gari la Nakivale, na mahali gari lilipokomea nikachukua bodaboda. Dereva wake alikuwa mtu wa Rugaaga, aliongea njia nzima habari za mihogo yake, mimi namjibu "kale, kale", yaani sawa, mawazo yangu yako kwenye ile saba.

Nilimkuta Mapendo mbele ya nyumba yao anapepeta maharage, wadogo zake wanne wamemzunguka. Alikuwa mwembamba, mtulivu, mwenye tabia ya kufikiri kabla ya kujibu. Aliniletea kiti, yeye akabaki chini.

"Karibu, mama. Njo weye mama wa chuo?"

"Ndiye mimi. Mapendo, mtihani ulifanya mara ngapi?"

"Mara moya, mama."

"Mapendo, mwanangu. Nimetoka Mbarara na vumbi lote hili."

Akaangalia maharage. "Mara mbili."

"Karatasi ya kwanza iko wapi?"

"Haiko tena. Tuliipasula mu kanisa."

Nilifikiri anatania. Kumbe sivyo. Mchungaji wao, ambaye walimwita Pasta, nyumba yake ilikuwa hapohapo jirani, naye alipoona mgeni akaja kusalimia. Nikamwuliza, akanieleza bila kificho, tena kwa furaha. Kanisani kwao walikuwa na desturi. Mtu akianguka mtihani, kanisa linafunga na kuomba pamoja naye. Akirudia akashinda, Jumapili ya shukrani anakwenda mbele na karatasi yake ya zamani. Pasta anaichana mbele ya waumini, wamama wanapiga vigelegele, na yule mtu anakwenda zake mwepesi.

"Mwaka ule balirudilia bantu mingi," Pasta akasema. "Mapendo alicheza mpaka viatu vikatoka."

"Pasta, ile karatasi uliyoichana, bayolojia ilikuwa ngapi?"

"Aa, mama, hiyo sijue. Miye niliangalia divisheni. Ya kwanza ilikuwa ya tatu, hii iko ya pili. Si ameshinda?"

Hapo nikaelewa, na sikuwa na wa kumlaumu. Kule walikotoka, mtihani wa mwisho wa sekondari unampa mtu alama moja tu ya jumla, kwa asilimia. Ukikutana na mzee wa Kikongo anauliza tu, ulipata ngapi? Unamwambia hamsini na nane, anakupongeza. Hakuna anayekuuliza mstari kwa mstari. Kwa hiyo wazee wa kanisa lile waliona divisheni imepanda, wakashukuru, wakachana. Walikuwa wanampenda yule binti kwa moyo wote.

"Bayolojia ilikuwa tatu," Mapendo akasema polepole.

Tatu! Ee Ruhanga wangye, Mungu wangu! Krediti safi kabisa, na kemia ya karatasi ile ilikuwa nane. Karatasi ya pili kemia nne, bayolojia saba. Ukizilaza pamoja, kila pengo linajazwa. Yeye alikuwa na kila kitu tulichokitaka, na nusu yake imechanwa vipande mbele ya madhabahu kwa vigelegele. Nilitaka kumpiga mtu, lakini Pasta hapigwi.

"Na fomu yetu je?" nikamwuliza Mapendo, sauti imepanda. "Kwa nini uliandika mara moja? Hujui fomu yenye uongo inatupwa?"

Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Mama, si weye ulisema?"

"Mimi?"

"Mwaka yenye ilipita. Ulikuja pale Base Camp kutuambia mambo ya chuo. Ukasema kila mutu alete karatasi moya tu, ile ya muzuri. Ukasema hutaki bakujazie meza."

Vijana, ni kweli nilisema. Nilikuwa nimechoka, jua kali, watu wengi, na ile kompyuta isiyokubali mtihani wa pili imenikaa kichwani. Nikasema nilivyosema, wakacheka, nikapanda gari nikarudi nyumbani. Mimi nilikuwa nimesahau mwaka mzima. Yeye alikuwa amelishika neno langu kama amri, akafikiri kwamba chuo kikisema karatasi moja, basi na mtihani unahesabiwa mmoja. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine, na aibu niliyoipata pale juu ya kile kiti sikuwahi kuipata tena.

Nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu wa shule yao, yeye wanamwita Prefe. Shule ilikuwa inatunza orodha ya matokeo ya kila mwaka yenye mhuri wa bodi. Akanitolea nakala, akagonga mhuri wake, akatia sahihi. Lile jambo la karatasi likapona. Ndiyo maana nawaambia, ukipoteza karatasi usikate tamaa kwanza, rudi shuleni, uliza orodha ya kituo.

Lakini mimi na koo langu. "Prefe," nikamwambia, "kwa nini bayolojia imetoka tatu ikaenda saba?"

Akavua kofia. "Madamu, hata mimi nashangaa. Aliporudia mtihani, siku ya sehemu ya pili ya bayolojia aliandika nusu saa, akafunga, akatoka. Nilimkimbilia mpaka barabarani. Alikuwa amepanda boda, hakugeuka."

"Hakusema kwa nini?"

"Nilimwuliza baadaye. Alisema alichoka."

Nikarudi kwa Mapendo, naye akaniambia neno hilohilo, alichoka. Nilijua hilo ndilo jibu la kwanza, lile la uongo. Lakini jua lilikuwa limeinama na gari la mwisho halingojei mtu, nikaondoka na swali langu. Nilimwambia tu, "Jumatatu uje. Uvae vizuri. Na mtu akikuuliza, usimpe hilo la kuchoka."

Kabla sijawapeleka chumba cha usaili, niseme hili la kazi. Ukiwa na karatasi mbili zisizolingana, zilete zote, na utie barua fupi. Fupi! Mistari minne. Sema mwaka gani nini kilitokea, basi. Usiandike maisha yako tangu unyonyeshwe. Usilie kwenye karatasi, usimtaje Mungu mara kumi, usiwalaumu walimu. Wale wanaosoma ni binadamu, wanajua nyumba huwa zinaungua na watu huwa wanaugua. Kinachowaudhi ni kugundua wenyewe. Mtu akigundua mwenyewe kitu ulichoficha, anaanza kujiuliza umeficha nini kingine. Baada ya mwaka ule tulibadilisha fomu, tukaandika kwa Kiingereza na Kiswahili: leta karatasi zote. Na nilikwenda Base Camp kuwaomba watu radhi kwa mdomo wangu huohuo. Walinicheka sana, wakanipa chai.

Jumatatu basi. Meza ilikuwa na watu watano, Madamu Mkuu katikati. Nikaweka faili la Mapendo, nikaweka na ile nakala ya Prefe.

Madamu akasoma. Akarudia. "Fomu inasema mara moja. Hapa naona mbili."

"Ndiyo, Madamu."

"Basi anajua kuficha. Na tazama hii." Akaweka kidole. "Tatu, halafu saba. Mtu hashuki hivi. Ile tatu aliandikiwa na mtu." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Faili likaanza kusukumwa pembeni.

Nilikuwa na miaka mingi pale, nyumba ya chuo nakaa, sikuwa nimewahi kupewa hata karipio. Nikasimama. "Madamu, kuhusu fomu, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyewaambia walete karatasi moja, iliyo nzuri. Nilisema mbele ya watu."

Madamu akaweka kalamu chini. "Unasema karani wangu ndiye aliyewafundisha waombaji kuficha?"

"Ndiyo, Madamu."

Akalivuta tena faili mbele yake. "Barua yako ya onyo utaipata kesho," akasema. "Mwite huyo binti."

Niliipata kweli, na niliistahili.

Mapendo aliingia na gauni la kuazima, limempwaya mabegani. Madamu hakumsalimia kwa maneno mengi. Akampa kalamu na karatasi tupu. "Nichoree moyo wa binadamu. Nionyeshe damu inavyopita."

Yule binti akachora. Hakufuta mahali. Vyumba vinne, milango yake, mshipa unaoingia, unaotoka, mishale ya damu chafu huku na safi huku, na kwa Kiingereza chake kinachokwama akawa anaeleza kila mshale. Daktari mmoja aliyekuwa mezani akasogeza kiti karibu. Alipomaliza hakuna aliyesema tena habari ya kuandikiwa.

Lakini Madamu hakuwa ameridhika, na mimi pia sikuwa nimeridhika, maana sasa swali limekuwa kubwa zaidi. Akasema, "Unaijua kazi. Kwa nini uliondoka kwenye mtihani?"

Mapendo akaniangalia. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Sema kwa lugha yako, mimi nitawatafsiria."

"Ile siku balikuwa banatuhesabu," akaanza.

Nikawaeleza wale wa mezani. Pale kambini kuna siku za kuhesabiwa. Kila familia inaitwa kwa zamu, mkubwa wa nyumba anasimama mbele ya meza pamoja na watu wake wote, wanaonekana kwa macho, wanatiwa alama. Asiyefika na watu wake, majina yanatolewa. Chakula kinakwenda na majina, hospitali inakwenda na majina. Mapendo akaongeza kwamba wakati wa mtihani wa kwanza mama yao alikuwa hai, yeye ndiye aliyesimama mbele ya meza. Kati ya mtihani wa kwanza na wa pili mama alikufa. Mkubwa wa nyumba alikuwa Mapendo.

"Zone yetu balitangaza asubui ileile," akaendelea. "Niliingia mu mutihani, nikaandika yenye nilijua haraka haraka. Kisha nikaenda. Nilifika bangali banaita majina. Tulikuwa ba mwisho."

Nilitafsiri.

"Mbona hukumwambia mwalimu wako?" Madamu akauliza.

"Angeniambia nibaki."

Madamu akainama mbele, sauti ile ndogo ikawa ndogo zaidi. "Nikuulize la mwisho. Kama siku ile ungejua kwa hakika kwamba bayolojia itaharibika, na kwamba sisi tutakukataa kwa sababu hiyo, ungetoka?"

Mapendo alifikiri kwanza, kama kawaida yake.

"Ningetoka, mama. Mutihani mutu anaweza kurudilia. Batoto bakifutwa, nani atabaandika tena?"

Nilifungua mdomo kutafsiri. Madamu akaniinulia mkono ninyamaze, alikuwa ameelewa. Akavuta fomu. Akaikata ile saba kwa wino mwekundu, akaandika tatu juu yake, akatia sahihi yake pembeni, akanipa bila kuniangalia usoni.

"Mwambie aje bwenini mwezi wa Agosti na shuka mbili," akasema. "Halafu niitie anayefuata."